Nguo Tano za Wifi Yangu

Jumanne, 4 Machi

Nesi wa zahanati amenipima presha, akatikisa kichwa, akaniambia ninunue daftari. "Fundi, hasira zako ziandike. Ukiwamwagia wateja utabaki bila wateja, ukizimeza utajimaliza mwenyewe." Haya, daftari ndilo hili.

Namchukia mteja anayeleta kitambaa cha mita mbili akitaka gauni la mita nne. Naichukia mvua, imeanza juzi tu na tayari bati la kibanda changu linavuja, na halivuji pembeni, linavuja juu ya cherehani. Namchukia kinyozi wa jirani na redio yake. Nawachukia wote wanaosema "nitapita kesho".

Na wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume, leo kaleta blauzi imeng'oka mkono kuanzia begani. "Nimenaswa na mlango, wifi." Januari ilikuwa sketi, kanaswa na msumari. Mtu mzima wa miaka ishirini na saba anatembea nyumbani kwake kama mgeni gizani! Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nimeishona. Mimi sibandiki viraka. Nachomoa nyuzi ndani ya pindo la nguo yenyewe, nazifuma palipochanika, uzi kwa uzi, mpaka mwenye nguo apapase asipaone. Mji huu mzima hakuna mwingine anayeweza. Alipoijaribu akauliza, "Haionekani?" Nikamwambia hata mwenye darubini hataona.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Mteja hakuna. Redio ya kinyozi ina betri, bahati mbaya.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa Mama. Mdogo wangu kaja na sare ya kazi ingawa yuko mapumzikoni. Anajua Mama anavyoipenda. Anaendesha gari la wagonjwa la hospitali kuu. Baba alipokufa yeye alikuwa na miaka saba, mimi kumi na tisa na cherehani ya kukanyaga, na hiyo cherehani ndiyo iliyomsomesha. Leo huwezi kutembea naye hatua kumi bila kusimamishwa. Huyu aliwahishiwa mkewe kujifungua, yule babu yake alibebwa mgongoni kushuka ghorofa tatu. Namtazama naona kazi yangu niliyoishona vizuri kuliko zote.

Mama alianza na wifi kabla hata hatujanawa. "Mwaka wa tatu huu. Hilo tumbo ni la pambo?" Wifi anakigeuzageuza chakula. Mdogo wangu akatania, "Mwacheni jamani. Mke wangu ana ugomvi na milango, na milango inamshinda." Tukacheka. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 12 Machi

Safari hii wifi kaleta gauni lake la kazini. Yeye ni karani posta. Kola imeng'oka kwa nyuma, na kitambaa kimechanika kushuka katikati ya mabega.

Nimelikalia gauni hili tangu saa nne asubuhi. Nashona mwaka wa ishirini na tano sasa. Nguo ikinaswa na msumari huchanika kwa kona. Ikinaswa na mlango huchanika pembeni, kwenye mfuko au kwenye pindo. Kola haing'oki kwa nyuma ila mtu awe anaondoka na mwingine hataki aondoke.

Nilijua. Naandika ili nisije nikajidanganya mbele ya safari: nilijua leo, tarehe kumi na mbili.

Na nilimwambia nini? "Wifi, mwanamume akirudi amechoka usimjibujibu. Na wewe mdomo unao." Akasema, "Sawa, wifi." Akaliacha gauni, akaenda zake kwenye mvua bila mwavuli.

Nimelishona. Hakionekani kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Presha mia sitini na tano kwa mia moja. Nesi anauliza kinachonikasirisha ni nini. Nikamwambia zipu za siku hizi.

Jumanne, 25 Machi

Shati jeupe la wifi. Vifungo vyote vimeng'oka na vipande vya kitambaa. Nilipomaliza kulishona nikasema leo ni leo, nikampigia mdogo wangu simu aje.

Alikuja na ngazi. Kabla sijafungua mdomo yuko juu ya bati na lami na misumari, anapiga mluzi, anaziba palipokuwa panavuja. Aliposhuka nikamwambia, "Mkeo ananiletea nguo kila mara. Kuna nini nyumbani kwako?"

Akajifuta mikono taratibu. "Dada, wewe ni fundi wa nguo au fundi wa ndoa?" Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso kama anavyombusu Mama. "Anaanguka anguka. Nitampeleka apimwe macho."

Nami nikacheka. Sasa bati halivuji. Nimehongwa misumari minne na kopo la lami, nikapokea.

Alhamisi, 3 Aprili

Mdogo wangu ameagiza nimshonee mkewe gauni. Mikono mirefu, shingo ya kupanda, kitambaa kizito. Joto la siku hizi huku mvua ikinyesha, mtu unatoka jasho ukiwa umekaa tu! Nikauliza ni la sherehe gani. "La kila siku," akasema.

Wifi kaja kupimwa. Nilipozungusha futi kifuani akajikunja, akashika mbavu. Nikamwambia avue ile blauzi. Sikumwomba, nilimwamuru, kwa sauti niliyokuwa nikiwatolea wanafunzi wa ushonaji zamani. Akavua.

Sitaandika yote. Mengine yalikuwa ya zamani, yameanza kuwa manjano. Mengine yalikuwa ya juzi. Kwenye mkono wa juu zilikuwa alama za vidole vinne, na mkono ule ningeutambua popote, niliushika mimi nikiupeleka shule.

"Ni yeye?" nikauliza.

"Unamjua mwingine?"

"Kwa nini huendi hospitali?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Wifi, pale hospitali mlinzi ni rafiki yake, wa mapokezi ni rafiki yake, daktari wa zamu anamwita kaka. Nikizidiwa usiku nikapiga simu, gari linalokuja analiendesha nani?"

Ningeweza kusema mambo mia. Nilichosema ni, "Vuta pumzi, nikupime kiuno." Kifua chake kimepungua inchi mbili tangu mwaka jana.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa Mama, nimemwambia kila kitu. Alikuwa anakunja nguo zake, hakuacha kukunja.

"Baba yako alinipiga mimi. Nilikufa?"

"Mama, yule mtoto ana alama mwili mzima."

"Na mtoto wangu ana jina mji mzima. Usimwage mtama penye kuku wengi. Mambo ya chumbani yanaishia chumbani." Kisha akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe uliyeachika ndiyo unataka kufundisha ndoa?"

Nilikuja hapa kwa miguu, mvua inanipiga, nikitukana kila nguzo ya umeme. Ninachukia zaidi kwamba aliponiuliza lile la mwisho nilinyamaza.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimegombana na mteja wa suruali, na kinyozi, na bomba la maji. Wote walistahili. Anayestahili kuliko wote sijagombana naye.

Jumatano, 23 Aprili

Saa moja asubuhi wifi kasimama mlangoni. Mvua kubwa. Kavaa koti la mvua la mtu mwingine, mdomo umevimba, upande wa kushoto wa uso siwezi kuueleza. Ana mfuko mkononi.

"Wifi, niwekee hii. Usimpe mtu. Naenda zahanati kwa nesi."

Nikataka kumshika, akarudi nyuma. Akaondoka.

Ndani ya mfuko lilikuwa gauni nililolishona mwenyewe wiki tatu zilizopita, lile la mikono mirefu. Limechanika nyuma kutoka shingoni mpaka kiunoni. Mbele limelowa damu, na damu ilikuwa bado mbichi.

Nilikaa. Hasira ilinijaa, na mimi hasira yangu naijua dawa yake moja tu, kazi. Nikaliloweka kwenye maji baridi na chumvi, kwa sababu damu mbichi ukiiwahi na maji baridi inatoka yote. Ikatoka, nikalimalizia kwa sabuni. Nikalikausha kwa pasi. Nikakaa na sindano saa tano nzima, nachomoa nyuzi kwenye pindo, nafuma, nalia, nafuma. Nilikuwa najiambia, angalau akirudi alikute gauni lake zima, asilione tena vile. Sijawahi kushona vizuri namna ile.

Limetundikwa ukutani. Ukiliangalia utadhani halijawahi kuvaliwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika kwa mkato, nikiandika vizuri nitalichana hili daftari.

Wamekuja watatu: wifi, nesi, na askari wa kike wa dawati la wanawake na watoto, mwembamba, ana faili kwapani. Wifi akasema, kwa shida, "Wifi, ile nguo."

Nikanyoosha kidole ukutani. Mjinga mimi, nilikuwa bado najivunia.

Wifi akalifuata gauni, akaligeuza nyuma, akapitisha mkono kutoka shingoni mpaka kiunoni. Akarudia. Akainusa ile sehemu ya kifuani. Inanuka sabuni yangu.

"Umelifua," akasema.

"Wifi, mimi nilifikiri—"

"Nilikwambia uniwekee. Umemfulia mdogo wako." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Miezi yote hii nakuletea nguo nikisema labda hii ndiyo itamfanya aseme. Wewe unafuta. Kila ninacholeta unafuta. Mkono wake na mkono wako ni mmoja."

Nesi ndiye aliyenipigia kelele. Ana sauti yule mwanamke. "Fundi! Nguo ya mtu aliyeumizwa haifuliwi! Inakunjwa hivyo hivyo ilivyo, inatiwa kwenye mfuko wa karatasi, inaandikwa tarehe, basi! Hata mtoto wa shule nimemfundisha hilo!" Mimi hakunifundisha. Mimi nilimwambia zipu.

Askari hakupiga kelele, alifunga faili. Akasema fomu ya majeraha ipo, nesi ameijaza. Lakini mume anasema mkewe aliteleza kwenye ngazi kwa sababu ya mvua, na mume huyo kituoni wanamjua, ndiye anayewabebea majeruhi. "Gauni lingesema kwamba alivutwa. Mtu anayeteleza havuliwi nguo na ngazi." Akaligusa kwa ncha ya kidole. "Wewe ni fundi kweli, dada."

Wifi hakurudi nyumbani. Nesi kampeleka kwenye nyumba ya wanawake ambayo haitajwi ilipo. Sikuuliza, na ningejua nisingeandika.

Jumamosi, 26 Aprili

Mdogo wangu kaja. Kafunga mlango nyuma yake, akanikumbatia, akaanza kulia begani kwangu.

"Asante, dada. Nimesikia. Nilijua tu hutaniacha. Damu nzito kuliko maji."

Kaniletea boksi la nyuzi, rangi zote, zile nzuri ambazo mimi huwa naziangalia tu dukani. Akaziweka juu ya cherehani. Akasema shetani alimpitia, akasema na yule naye ana mdomo, akasema yatakwisha, atarudi tu, hana pa kwenda.

"Na yule naye ana mdomo." Maneno yangu hayo, ya Machi. Alikuwa nayo mdomoni kama nimemtafunia.

Nimewahi kutukanwa na wateja, na mume niliyeachana naye, na Mama. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama ile asante.

Jumapili, 27 Aprili

Mama kanipakulia mimi wa kwanza. Kaniita "mwanangu" mara tatu. Nimeacha chakula nikaondoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefika kituoni saa mbili na gauni na wembe wa kufumulia. Nikamwambia yule askari, "Nipe meza, nalifumua sasa hivi lirudi lilivyokuwa."

"Weka wembe chini," akasema. "Ukilifumua watasema umelichana wewe. Usifumue. Nieleze."

"Nikueleze nini? Umelitazama mwenyewe hukuona kitu."

"Kwani nani anayeweza kuona?"

Nikakaa. Hapo ndipo akili ilinirudia. Nikaligeuza pindo ndani nje, nikamwonyesha nyuzi zilizochomolewa, hesabu yake, na zilikohamia. Nikamwonyesha kwamba mchaniko ulianzia shingoni ukashuka, kwa hiyo aliyevuta alikuwa nyuma na alikuwa juu yake. Akaandika. Akauliza kama kuna nyingine. Nikasema kuna sketi ya Januari, blauzi ya tarehe nne Machi, gauni la posta la tarehe kumi na mbili, shati la tarehe ishirini na tano. Hili la tano. Na tarehe ninazo kwenye daftari, ila ya sketi ni mwezi tu.

Mchana askari alikwenda na wifi nyumbani kule wakachukua vitu vyake. Akaniwekea zile nguo nne mezani zimechanganywa na nyingine ishirini, makusudi, mbele ya mkubwa wake. "Chagua." Nilizipapasa moja moja. Nilizichomoa zote nne bila kukosea, nikawafungulia pindo. Mkubwa wake, ambaye mpaka hapo alikuwa anachezea simu, aliiweka simu mfukoni.

Nimetia sahihi kurasa sita. Askari akaniambia, "Unajua ni nani unayemtilia sahihi?" Nikamwambia namjua kuliko wewe, nimemfunga nepi.

Jumatatu, 5 Mei

Wamemkamata Ijumaa, leo katoka kwa dhamana. Gari la wagonjwa linaendeshwa na mwingine. Wateja watatu wamekuja kuchukua vitambaa vyao bila hata kunitazama. Mmoja kasema, akimwambia mwenzake ili nisikie, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamwambia ndiyo, na mimi ndiye fundi wa nguo, pita huku.

Jumanne, 6 Mei

Mama kasimama katikati ya barabara, mvua inamnyeshea, akanilaani kwa majina yangu yote. Nilitaka kumpelekea mwavuli, nikajizuia. Baadaye kinyozi alimpelekea.

Jumatatu, 12 Mei

Mdogo wangu kaja saa tisa alasiri. Safari hii hakukumbatia mtu.

"Utakwenda ukafute ile karatasi."

"Siendi."

"Dada, mimi nimekula mkononi mwako."

"Ndiyo maana siendi."

Na hapo uso wake ukabadilika. Nimemlea yule mtu miaka mingi, sikuwahi kuuona ule uso. Macho yakawa matulivu. Akaisukuma cherehani kwa mguu, ikaanguka, na wakati inaanguka hakuwa anaitazama, alikuwa ananitazama mimi aone kama nimeogopa. Nikaogopa. Nikafikiri: huu ndio anaorudi nao nyumbani jioni, miaka mitatu. Na mimi nilimwambia yule binti asijibujibu.

Nesi alikuwa ameniambia: usibishane naye, usimkaribie, piga kelele na utaje jina lake lote. Nikapiga. Nilitaja jina lake na la baba yake na la babu yake. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, na mteja mwenye povu la kunyolea shavuni nyuma yake. Mdogo wangu akatabasamu, akawasalimia, akaondoka kwa mwendo wa kawaida kabisa.

Askari kamrudisha ndani jioni hiyo hiyo. Kinyozi kanisaidia kuinua cherehani. Sitamsema tena kuhusu redio, kwa wiki hii.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetoa ushahidi. Nguo tano mezani, pindo zimefunguliwa. Nilieleza mpaka hakimu mwenyewe akaomba azipapase.

Mdogo wangu hana wakili, akaruhusiwa kuniuliza mwenyewe. Alisimama na shati lililopigwa pasi, nadhani na Mama.

"Dada, nani alinilea?"

"Mimi."

"Nani alinisomesha?"

"Mimi."

"Uliniona, kwa macho yako, nikimpiga mke wangu?"

"Sikuona. Nilishona."

"Kama ulijua tangu Machi kama unavyosema, mbona ulinyamaza?"

Alidhani hapo amenipata. Mama yuko benchi la mbele, wifi la nyuma karibu na nesi. Nikamwambia ukweli, kwa sababu sikuwa na kingine kilichobaki.

"Kwa sababu wewe ulikuwa wangu, na yeye alikuwa mtoto wa watu."

Akakaa.

Ijumaa, 30 Mei

Kapewa miaka mitano. Daktari aliitwa kutoka mji mwingine, asiyemjua mtu hapa, akasoma ripoti: mbavu mbili, jino, na sikio la kushoto ambalo halitasikia tena, ngoma yake ilipasuliwa tarehe ishirini na tatu Aprili. Sikuwa nimeambiwa hilo la sikio. Mama alilia. Mimi nililia pia, kwa ajili ya yule mtoto wa miaka saba, na sitamwomba mtu radhi kwa hilo.

Mvua imekatika. Nje kulikuwa na jua na matope. Wifi alikuwa anangoja gari na nesi. Kapata uhamisho, posta ya mbali, anaondoka kesho. Nikamwita nikiwa upande wake wa kushoto, hakugeuka. Nikazunguka mbele yake.

"Wifi," nikasema, "nimesema yote."

"Nimesikia." Akanitazama, si kwa ubaya wala kwa wema. "Wifi, mwezi wa Machi nilikuwa na masikio mawili."

Gari likaja, akapanda.